Ndama wa Kumi Hana Mpokeaji

Jumapili ya mavuno Faustini aliamka kama mtu aliyelewa, na hakuwa ameonja hata tone. Alimwogesha ndama kwa maji ya uvuguvugu kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, akampaka mawese mgongoni mpaka akang'aa, akamvika shada la maua ya porini. Ndama akageuza shingo akalila shada. Faustini akasuka jingine, huku anaimba. Kisha akaingia ndani kuvaa, akatoka na suruali peke yake, akarudi ndani kufuata shati.

"Baba Dismasi," mkewe Yuliana akamwambia kutoka jikoni, "siku ya harusi yetu hukujipamba hivyo."

"Siku ya harusi nilikuwa napokea. Leo natoa."

"Na huyo ndama kapakwa mafuta kuliko mimi."

"Wewe si wa kumi."

"Afadhali! Ningekuwa wa kumi, saa hizi ningekuwa na kamba shingoni."

Ndama yule alikuwa wa kumi kuzaliwa katika zizi la Faustini. Katekista Leonardi alikuwa amesoma kigangoni, katika kitabu cha Walawi, kwamba kila mnyama wa kumi apitaye chini ya fimbo ni mtakatifu kwa Bwana. Wengine walisikia wakaitikia amina wakaenda kula. Faustini alisikia akaenda zizini kuhesabu, na hakuhesabu kwa vidole. Alihesabu kwa majina: ndama fulani, mama yake fulani, aliyezaliwa mvua zilipochelewa, ndama fulani aliyekufa kwa kupe, ndama fulani aliyekwenda kuwa karo ya Dismasi. Alikuwa mtu wa kukumbuka huyo. Wengine husahau ili wapate usingizi. Yeye alilala fofofo na bado akakumbuka kila kitu.

Na alichokikumbuka kuliko vyote ni baba yake kwenye mavi ya ng'ombe.

Huko Heru, juu milimani, zamani za watwale, wale machifu wa milimani, mtwale alimpa baba yake ng'ombe. Mmoja! Tena mwenye mbavu za kuhesabika. Na tangu siku hiyo baba akawa mgabire, yaani mtu wa yule aliyempa ng'ombe, na mtwale akawa sebuja wake, bwana wake. Baba alilima shamba la sebuja kabla ya lake. Alijenga boma la sebuja wakati lake limeanguka. Sebuja alipotoka nje asubuhi kutema mate, baba alipiga magoti pale pale kwenye mavi, akagonga viganja polepole kwa heshima, mpaka bwana mkubwa amalize kutema. Ng'ombe alikufa. Kulima hakukufa. Baba alilima kwa ajili ya mifupa mpaka naye akawa mifupa.

Faustini aliyaona hayo akiwa mdogo, akaapa: yeye hatapiga magoti mbele ya mtu kwa sababu ya ng'ombe, na hakuna mtu atakayepiga magoti mbele yake. Akaenda Tanga kukata mkonge. Akajifunza kusoma huko huko kambini, kwenye vipande vya magazeti vilivyofungia chumvi. Akarudi, akanunua ng'ombe aitwaye Bihogo, mnadani, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, asije mtu kesho akasema alimpa. Uhuru ulipokuja na watwale wakavuliwa viti vyao, alicheza ngoma mpaka akateguka nyonga. Na lilipokuja lile zoezi la kuhamishia watu vijijini, wakubwa wakaleta malori, yeye alikataa kupakiwa kama gunia la mihogo. Alitembea na ng'ombe wake mpaka Nyakasozi, kijiji kipya juu ya Ujiji, akigombana njiani na kila aliyevaa kaptula ya serikali.

Basi mtu wa namna hiyo akiamka na furaha ya kutoa, furaha hiyo si ndogo. Maishani mwake kila ng'ombe aliyemwona akitolewa alitolewa kama mtego. Leo alitaka atoke ng'ombe mmoja, mmoja tu, mkono kwa mkono, na asiwepo mtu wa kuinama.

Kigango cha Nyakasozi kilikuwa cha udongo na nyasi, mlango umeelekea ziwani. Upande mmoja walikaa Waha walioshushwa kutoka milimani. Upande wa pili wavuvi, ambao wazee wao walivuka kutoka Kongo. Ulipofika wakati wa zaka watu walikwenda mbele wakiimba: huyu na dagaa, yule na chupa ya mawese, mwingine na kuku aliyekuwa anapinga. Halafu mlango ukawa mweusi, na Faustini akaingia na ndama.

Kwaya ilikatika katikati ya aleluya.

Akatembea naye mpaka mbele, shati limelowa jasho, meno yote nje, akamnyoshea kamba katekista. "Katekista, pokea."

Leonardi naye alikuwa mtu wa Heru. Mikono yake ilikwenda nyuma ya mgongo kama ya mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Mfunge tu pale, Mzee Faustini."

"Pale wapi? Zaka haifungwi, zaka hupokelewa."

"Basi mpe mzee wa kigango."

Mzee wa kigango, Pastory, akapatwa na kikohozi. Kilikuja ghafla, kikali, cha mikono miwili mdomoni. Faustini akageukia benchi la pili, watu wa benchi la pili wakawa wanatafuta kitu sakafuni. Akageukia la tatu, la tatu wakafumba macho kusali. Kila Mha mle ndani alijua: anayeshika kamba kutoka mkononi mwa mwenye ng'ombe, mbele ya mashahidi, amepokea, na aliyepokea, kesho yake ana jembe begani. Watwale walikuwa wameondolewa miaka kumi na zaidi, gazeti lilitangaza, redio ilitangaza. Lakini mikono ilikuwa haijapata habari.

Ndama akachoka kusubiri. Akala maua ya altare. Akaanza kulamba kitambaa.

Hapo akasimama Rahabu, kutoka upande wa wavuvi, mwanamke anayeuza dagaa huko Katonga, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa.

"Nyie Waha mna nini? Mtu kaleta kitu kwa roho nyeupe, mnamtazama kama kaleta chui! Lete hapa." Akaikwapua kamba.

"Yuuu!" Upande wote wa Waha, sauti moja.

Rahabu akatazama miguu yake, akifikiri amekanyaga kitu. "Nimefanya nini?"

"Umepokea!"

"Nimepokea, ndiyo. Kwani tumekuja hapa kuogelea?"

Kikohozi cha Pastory kikapona pale pale. "Swali ni moja, mama. Umepokea kwa niaba ya nani?"

"Ya Mungu! Si zaka hii?"

Leonardi akaketi juu ya kapu la dagaa bila kujua. "Yesu na Maria," akasema taratibu. "Mungu amekuwa mgabire wa Faustini."

Nyumba ikalipuka. Huyu alipiga ishara ya msalaba, yule alicheka, mwingine alimkemea anayecheka naye akacheka. Mama mmoja alizimia kidogo, halafu akazinduka asipitwe.

"Mimi sijasema hivyo!" Faustini akapiga kelele.

"Hukusema wewe. Imesema kamba!"

"Mungu hawezi kumlimia mtu shamba!" akalia Leonardi.

"Na la Faustini lina mawe," akaongeza Pastory.

"Bora tulime sisi kuliko Mungu!" sauti ikatoka nyuma, na ikawa kama mvua imeshuka. Bora sisi! Tumepokea sisi, kanisa lote, Mungu asiaibike! Tumepokea! Tumepokea! Kwaya ikaifanya wimbo. Katika makelele yale Faustini alisikia neno moja tu, *tumepokea*, akafuta machozi kwa kofia, akaenda nyumbani anarukaruka kama ndama mwenyewe.

Asubuhi ya Jumatatu aliamshwa na ngoma.

Alifungua mlango, akamkuta Leonardi amepiga magoti kizingitini, magoti yote mawili, anagonga viganja polepole. Pembeni yake jembe na mtungi wa pombe ya ndizi. Nyuma yake kigango kizima shambani, majembe yanapanda na kushuka, na nusu ya shamba imeshageuka rangi.

Faustini alimwona baba yake. Alimwona baba yake mara arobaini, wanaume kwa wanawake, na yeye ndiye aliyesimama mlangoni kama aliyetoka kutema mate.

"Inuka!"

"Siwezi, sebuja."

"Usiniite hivyo! Inuka, mjinga wewe!"

"Sebuja akinitukana navumilia," akajibu Leonardi, na alivumilia kwa raha kabisa, macho yake yakitazama mbinguni kama ya mtakatifu wa kwenye picha.

Faustini akamruka, akakimbia shambani. Akamkamata Pastory kwapani, akamsimamisha. Alipogeuka, nyuma yake Rozalia, mwimbishaji wa kwaya, kapiga magoti. Akamvuta Rozalia, wavuvi wawili, ambao hawakujua hata maana yake, wakapiga magoti kwa kuona wenzao wanafanya. Akawarudia. Pastory akawa amepiga magoti tena. Ilikuwa kama kuzamisha vibuyu mtungini: ukizamisha hiki, kile kinaibuka. Alikimbia mstari hadi mstari, anainua watu, anatukana, anaomba, anainua, na wale watu, Mungu awasamehe, walianza kuona ni mchezo mzuri.

Mwenyekiti wa kijiji, Mwinshehe, akapita njiani na baiskeli. Akasimama, akanyosha ngumi juu. "Hongereni ndugu! Hiki ndicho Kilimo cha Kufa na Kupona!"

"Huu ni utumwa, siyo kilimo!" Faustini akamnguruma, na jembe mkononi. Mwenyekiti akakumbuka ana kikao Rusimbi, akakanyaga pedali.

Yuliana alikuwa amekaa juu ya kinu, anacheka mpaka kanga imemlegea. "Waache, Baba Dismasi! Mawe yale yameninyong'onyeza mgongo miaka miwili. Waache wamalize na kule bondeni!"

"Namrudisha ndama wangu!" Faustini akatangaza. "Mmenisikia? Nimemchukua! Nendeni kwenu!"

Majembe yakasimama. Pastory akatikisa kichwa kwa huzuni, ila mdomo ulikuwa unamcheza. "Nani huwa anamnyang'anya mgabire ng'ombe, Mzee Faustini?"

Faustini akashusha jembe.

"Ni sebuja peke yake," akasema Pastory. "Ukimchukua, wewe ni sebuja. Ukimwacha, wewe ni sebuja. Tulime tu, baba. Jua linapanda."

Faustini akakaa chini, juu ya tuta, kichwa mikononi. Furaha yote ya jana ilikuwa imegeuka nyongo. Alikuwa ametoa, na kumbe alichotoa ni magoti ya watu.

Rahabu akaja akaegemea jembe karibu naye. Usiku ndama alikuwa amelazwa uani kwake, akakanyaga dagaa wote walioanikwa. "Mzee, miye nilishika kamba tu, leo nina malengelenge. Nieleweshe. Ng'ombe akitoka kwa mtu, huyo mtu ndiye bwana?"

"Ndiyo," akasema Faustini kwa sauti ya mgonjwa.

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Siyo kila mara," akasema Yuliana kutoka kwenye kinu. Alikuwa ameacha kucheka. "Yule ng'ombe wa baba mkwe si alizaa? Umenisimulia mara ngapi, mpaka namjua ndama yule kwa madoa. Alikwenda wapi?"

"Baba alimpelekea mtwale. Ndiyo ilikuwa desturi. Ng'ombe uliyepewa akizaa, unamrudishia sebuja ndama, kusema umekumbuka."

"Alimpeleka kwa kamba?"

"Kwa kamba."

"Mtwale akapokea?"

"Mikono miwili, yule fisi."

"Na kesho yake mtwale akaja kumlimia baba mkwe?"

Faustini akainua kichwa kwa hasira. "Mtwale alime? Mtwale yule alikuwa hajui mpini wa jembe uko upande gani! Aliyelima ni baba!"

"Ndama alitoka kwa baba mkwe," Yuliana akasema polepole, "na aliyelima ni baba mkwe."

Watu wakaacha mistari yao wakasogea.

Ndani ya kichwa cha Faustini kumbukumbu zilianza kupita moja moja, kama zinatoka zizini. Bihogo alimnunua, ni kweli, kwa jasho la mkonge. Alimnunua kwa bei ya kutupa, maana aliyemuuza alimwona tasa, na mnadani watu walimcheka Faustini kwamba kanunua ngozi inayotembea. Na yule tasa akazaa. Akazaa tena. Mabinti zake wakazaa.

"Ng'ombe nilimnunua," akasema. Sauti ilikuwa ya ajabu. "Lakini ndama... jamani, ndama sikununua hata mmoja."

"Ulipewa," akasema Rahabu.

"Nilipewa!" Akasimama. "Nilipewa kumi! Na huyu ndiye niliyemrudisha, kusema nimekumbuka! Mimi siyo sebuja! Mimi ndiye mgabire!" Neno lile alilolitemea mate maisha yake yote lilimtoka kama kigelegele. "Mgabire mimi! Miaka yote hii! Na Sebuja wangu hajaniita kujenga boma! Hajaniita kubeba machela! Hata kunituma sigara hajanituma! Yule wa Heru alitoa mmoja mwenye upele akamla mtu mzima mzima. Huyu katoa kumi, akaomba mmoja, tena akasubiri mpaka niende kuhesabu mwenyewe!"

Akaanza kucheka. Kicheko kilianzia chini sana, kikampindisha, kikamkalisha tena chini, kikamwinua. Watu wakashikwa nacho bila kujua wanacheka nini.

Leonardi bado alikuwa kizingitini. "Kwa hiyo niinuke?" akauliza, kama anayesikitika kidogo.

"Inuka, na unipe hilo jembe! Anayetakiwa kulima ni mimi. Shamba la Mungu liko wapi?"

Hapo wakakwama. Mungu hana shamba Nyakasozi. Pastory akataja shamba la misheni, kule barabara kuu.

"Lina trekta," akasema Faustini. "Mwenye trekta hanihitaji."

Leonardi akafuta magoti, akakuna kichwa. "Katika Kumbukumbu la Torati," akasema, "zaka inaliwa na mgeni, na yatima, na mjane, wale ndani ya malango yako, na kushiba."

"Mgeni na mjane," akasema Rahabu. "Yupo mmoja mwenye yote mawili. Bi Siwema."

Faustini hakusubiri. Alishaanza kukimbia, mzee mzima, jembe begani, na nyonga ile iliyoteguka siku ya Uhuru inamchezesha kama ngoma. Na watu wakamfuata. Kwanza kwa kucheka, halafu kila mmoja alipokuwa anakimbia akakumbuka naye cha kwake ambacho hakukinunua. Pastory alikumbuka homa aliyopona akiwa ameshachimbiwa kaburi. Rahabu alikumbuka mtumbwi wa mumewe uliorudi baada ya dhoruba, ambao walikuwa wameshaulilia. Ikawa mashindano. Rozalia aliwapita wote kwenye kona, mtungi wa pombe kichwani.

Bi Siwema alikuwa mjane mzee kutoka Kasingirima, aliyeletwa na lori pamoja na kitanda chake na mguu mbovu, akaachwa kwenye kiwanja ambacho magugu yalimfika kifuani. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Akaona umati unamjia mbio na majembe na ngoma. Akaweka ungo chini.

"Shikamoo, bibi!" Faustini akamwita, pumzi imemwishia.

"Marahaba. Mmekuja kunihamisha tena?"

Watu walicheka, kisha wakashusha majembe, maana bibi hakuwa anatania.

"Hapana, bibi," akasema Faustini, na akavua kofia. "Hakuna atakayekuhamisha. Tumekuja kulima."

"Kawatuma nani?"

"Mungu."

"Mimi Mwislamu, mnajua?"

"Aliyetutuma anajua."

Bi Siwema akawatazama mmoja mmoja. Rahabu, aliyekuwa amepitia kwake kumchukua ndama, akajipenyeza mbele, akamnyoshea kamba ya ndama. "Na huyu ni wako, bibi. Akikua akazaa, maziwa unywe wewe. Nyumbani kwangu amemaliza dagaa."

Bi Siwema akanyosha mkono, akaichukua kamba kama mtu anavyochukua kikombe cha maji. Hata kusimama hakusimama. "Mzuri," akasema. "Nani kampaka mawese? Mmepoteza mboga bure."

Wakaingia maguguni. Faustini alitangulia, jembe linaruka, udongo unamwingia mdomoni, na kila alipotaka kuimba alicheka, na kila alipocheka jembe lilikwenda lilikotaka lenyewe.

"Wewe!" Bi Siwema akaita kutoka mlangoni, akimnyoshea fimbo. "Wewe mwenye kelele! Tuta lako limepinda. Rudia."

Kigango kizima kilitulia kutazama. Hakuna mtu, si msimamizi wa mkonge, si ofisa wa malori, aliyewahi kumwambia Faustini *rudia* bila kupata hotuba.

"Kuanzia wapi, bibi?" akauliza Faustini.

"Kuanzia mwanzo."

Akarudi mwanzo.